Pampu Yenye Alama Mbili

Jumapili, mchana, Bonge amelala

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana nakujua, wewe unaweza kusoma barua huku mkono mmoja unakoroga sufuria. Kama umesimama, vuta kigoda kwanza. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutilia kwenye kopo, unaipaka, au umeifungia kabatini ili isiishe? Na lile bomba la uani, fundi amekuja au bado anakuja?

Sisi huku hatujambo. Mkwe wako anakusalimu sana. Bado yuko pale pale kwenye tanuri la mikate, anarudi asubuhi na unga kwenye nyusi, Bonge anamcheka akidhani baba yake amezeeka ghafla. Bonge mwenyewe ameota jino jingine, na sasa anatambaa, ila kinyumenyume tu. Akitaka kitu kilichoko mbele yake, anazidi kukiacha, halafu analia kama sisi ndio tuliokisogeza. Mimi nimechoka, sikufichi. Macho yameingia ndani mpaka mafundi pale gerejini ninaposhona viti wananiuliza kama nimeyaazimisha. Lakini ninakula na ninafanya kazi. Kitu kimoja tu kimetupotea tangu uondoke: lile taulo la njano la Bonge, lenye picha ya bata. Nimelitafuta kila mahali.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Mama, kwenye simu wewe unanishinda. Nikianza tu kusema, unaniuliza kama nimekula, na nikijibu sijala, kesi imekwisha. Sauti yako ikitetemeka kidogo, mimi ndiye ninayeomba msamaha hata kama ni mimi niliyekanyagwa. Karatasi haitetemeki. Kwa hiyo nakuomba unisome mpaka mwisho, na usiruke mistari.

Nitaanza tangu mwanzo ingawa ulikuwepo, kwa sababu wewe uliyaona mambo kutoka dirisha la jikoni, na mimi niliyaona kutoka chini ya gari.

Unalijua gari letu mimi na kaka, lile jeupe lenye mlango mmoja wa bluu. Tulilipata likiwa ganda. Kaka akalitilia injini ya kuokoteza na tabo aliyoitoa kwenye gari la mteja aliyehama nchi. Viti nilishona mwenyewe kwa mabaki ya ngozi ya kazini, ndiyo maana kiti cha dereva ni cheusi na cha nyuma kina rangi kama kitenge. Kuendesha kulikuwa kwangu tangu siku ya kwanza. Kaka mwenyewe alikuwa akiwaambia watu kwamba yeye anajua gari linataka nini, ila mdogo wake anajua gari linasema nini. Nilikuwa naipenda ile sentensi. Nilikuwa nikiisikia nikiwa nashona, nainamisha kichwa ili nisionekane natabasamu.

Halafu nikamzaa Bonge, na kwa muda mrefu sikukaa nyuma ya usukani. Silalamiki, Mama, mwanangu nampenda kuliko pumzi. Ila kuna asubuhi nilikuwa nikiamka sijijui. Nilikuwa maziwa, nepi, sindano, sponji, basi. Ndipo Mzee wa Matairi, yule mwenye duka kubwa pale kwenye mzunguko, alipotangaza kwamba atachagua gari moja na dereva mmoja awadhamini msimu mzima kwenye mashindano ya kiwanja cha zamani cha ndege. Matairi na mafuta juu yake, na atachagua siku ya mashindano ya kwanza. Alisema hataki gari la tajiri, anataka gari la mtu wa kawaida lililotengenezwa kwa akili. Kaka alikuja mbio kwenye chumba changu cha kushonea, akasimama mlangoni. Nami nikamwambia ndiyo kabla hajauliza.

Kilichobaki kilikuwa pampu ya mafuta. Hapo ndipo wewe ulipoanza kuniuliza maswali, unakumbuka? Ulikuwa unamenya viazi. Uliniuliza pampu ndiyo nini na kwa nini tunaizungumza kama mgonjwa wa hospitali. Nilikueleza kwamba tabo inaisukumia injini hewa nyingi, na hewa nyingi inataka mafuta mengi, sasa pampu iliyomo ni ya gari la kwendea sokoni, haiwezi. Ukaniuliza, na injini ikipewa mafuta kidogo inakuwaje? Nikakujibu inachoka, kama mtu aliyenyimwa chakula. Nilikuwa nimefungua kinywa niendelee, Bonge akagonga kichwa kwenye mguu wa meza, nikamkimbilia. Jibu langu likabaki nusu. Nakwambia kweli, siku ile nilifurahi. Nilimwambia mkwe wako kwamba mama ameanza kulipenda gari langu, ameniuliza mpaka mambo ya pampu. Tangu baba aondoke hujawahi kuuliza kitu chochote chenye magurudumu.

Tukaingia kutafuta. Kulikuwa na ile pampu ya kweli ya magari ya mashindano, mpya, ambayo niliishika dukani nikaisikia bei yake, nikairudisha kwa mikono miwili kama mtoto wa watu. Kulikuwa na nyingine kwenye boksi linalong'aa, imeandikwa kwamba inasukuma mafuta kushinda zote, na bei yake unaweza kuimudu bila kulala njaa. Kaka alikuwa tayari kuichukua. Mimi niliipima mkononi ikawa nyepesi kama mwanasesere. Nikamwomba muuzaji aiunge kwenye betri tuione ikifanya kazi. Akanicheka, akasema dada yangu, pampu haionjwi kama mchuzi. Nikamwambia basi na mimi sinunui mchuzi nisiouonja. Wateja wakacheka, yeye akakunja uso, tukatoka.

Mwisho tulikwenda yadi ya magari yaliyokatwakatwa, kwa yule mama mnene wanayemwita Mama Vyuma. Kulikuwa na gari kubwa la familia, injini yake ya silinda sita, limebondeka mbele lakini nyuma zima kabisa. Nikamwambia kaka pampu ya gari kama hili ilizaliwa kulisha injini kubwa, kwetu itakuwa kama mpishi wa harusi aliyeletwa kupikia watu wawili. Kaka akasema iliyotumika ni bahati nasibu. Mama Vyuma, ambaye alikuwa anakula hata hakututazama, akasema bahati nasibu ni ndoa, pampu inapimwa.

Tukaipima. Ndiyo ile siku uliyonigombeza kwa sababu ya jagi lako la juisi. Tulifanya uani, mbali na jiko, mpira wa pampu umeingia kwenye jagi, na mpira tukaubana kidogo kwa koleo, maana pampu ikisukuma bila kizuizi hujisifu bure. Saa sikuwa nayo na simu ilikuwa kwa Bonge anaitafuna, kwa hiyo nikapima kwa wimbo wako wa kubembeleza, ule wa paka aliyelala juu ya unga. Pampu yetu ya zamani, mpaka wimbo ukaisha, jagi halijafika nusu. Ile ya Mama Vyuma ililijaza jagi paka hajafika kwenye unga. Kaka alinitazama, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema kwa sauti, gereji nzima isikie, kwamba hakuna fundi mjini aliyechagua pampu kwa wimbo wa mtoto, na kwamba nimechagua sawasawa. Mama Vyuma mwenyewe nilimlipa kwa kumshonea upya viti vya kibanda chake, tukapeana mikono, kila mtu akaridhika.

Na kabla sijamkabidhi kaka aitie ndani ya tangi, nilifanya kitu ulichonifundisha wewe. Unakumbuka masinia na sufuria zako zikienda kuazimwa kwenye shughuli za watu? Ulikuwa unatukalisha chini mimi na kaka, unatupa kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, unatuambia kila chombo kiwekewe alama mbili chini ya kitako. Ulikuwa unasema chombo kisichokuwa na alama ni cha aliyekishika, na chombo chenye alama ni cha mwenyewe hata kikilala nyumba kumi. Kaka namjua, meza yake imejaa vitu vya wateja. Basi nikatoa rangi yangu ya kucha, nikaiwekea pampu alama mbili nyekundu ubavuni. Kaka alinicheka, akasema unaipaka urembo, inaolewa? Akaitia. Nikavuta waya mnene kutoka kwenye betri mpaka kwake ili isikose nguvu, tukafunika, nikarudisha kiti cha nyuma juu yake kwa mkono wangu.

Tulikwenda kulijaribu barabara ya machimbo. Mama, siwezi kukueleza. Lilivuta kama mtu anayeitwa nyumbani. Nilirudi nikakukuta umesimama mlangoni na Bonge kiunoni, nikakwambia linaruka. Ukasema ndiyo, nimelisikia. Ukaingia ndani.

Jioni ya kuamkia mashindano ulinipigia kelele dirishani kwamba Bonge anachemka. Nilitupa spana nikakimbia. Nilimkuta amelala, paji la uso baridi kama mtungi. Ukaniambia homa za watoto ndivyo zilivyo, zinapanda na kushuka, nisimwache, nilale naye kifuani. Nililala naye mpaka chakula cha jioni, nikiwa nawaza kama nimwambie kaka tuahirishe. Kaka alibaki peke yake kwenye gari.

Kilichotokea kesho yake ulikiona. Lakini uliona kutoka kwenye kamba walikosimama watazamaji. Mimi nakueleza cha ndani. Gea ya kwanza nzuri, ya pili nzuri, gari la yule kijana wa gereji ya pili lilikuwa limeshabaki nyuma. Nikaingia ya tatu, nikakanyaga mpaka mwisho, nikasikia linashikwa, kama mtu amelivuta shati kwa nyuma. Halafu likaanza kugonga, kavukavu, kama misumari ndani ya kopo. Kabla mguu haujainuka, moshi umejaa, mafuta ya injini yamemwagikia tairi la mbele, na gari halikuwa langu tena. Lilizunguka. Niliona kamba ya watazamaji inapita mbele ya kioo, halafu majani, halafu kamba tena. Mama, kwenye ile kamba mlikuwepo wewe na Bonge. Liliposimama, sikuweza kuachia usukani. Kaka ndiye aliyenifungua vidole kimoja kimoja.

Ulikuja mbio na goti lako bovu, ukanikumbatia, ukasema Mungu mkubwa, Mungu mkubwa, basi, basi sasa. Lile "basi sasa" nilidhani ni faraja.

Kaka aliifungua injini pale gerejini, akatoa pistoni ina tundu la kupitisha kidole. Mafundi wote walikuwepo. Injini imenyimwa mafuta, wakasema, imejiunguza yenyewe. Pampu gani hiyo? Pampu ya wimbo! Pampu ya jagi! Yule muuzaji wa boksi linalong'aa alikuja mwenyewe kutoka dukani kwake kunitazama, akaniuliza mchuzi ulikuwaje. Mzee wa Matairi hakucheka. Aliniambia kwa upole kwamba mkono wangu ni mzuri ila gari langu halikutengenezwa kwa akili, akampa nafasi yule kijana wa gereji ya pili. Kaka alikuwa amesimama pale pale, kitambaa mkononi, anafuta spana ambayo ilikuwa safi.

Na wewe jikoni ukaniambia mwanangu, rahisi ni ghali, mambo mengine tuwaachie wenyewe. Ukanimiminia chai. Nikakubali. Nataka ujue kwamba nilikubali, Mama. Nililala nikijiambia kwamba sijui kuchagua, kwamba nilitaka makubwa kwa pampu ya mtumba, kwamba ningeweza kumwangukia mwanangu mwenyewe na gari kwa sababu ya ubishi wangu. Nilimwambia kaka auze gari, sehemu yangu anunulie cherehani ya pili. Nilikupeleka stendi nikiwa nimekubebea mfuko. Kitu kigumu ndani yake kilinigonga goti, nikakuuliza umebeba nini, ukasema ni lile kopo la dawa ya kuchua. Tukaagana, tukalia wote wawili.

Kabla gari halijauzwa, nilisema nitaitoa ile pampu niirudishe kwa Mama Vyuma, na nimwambie maneno. Nilikuwa nimeshayapanga. Nilikuwa nimwambie kwamba yeye ni mama kama mimi na ameniuzia kifo huku anakula. Nikamfunga Bonge mgongoni, nikainua kiti cha nyuma. Kulabu zake zilikuwa zimefungwa kinyume. Mimi nimefunga viti vya magari tangu nikiwa msichana, Mama, siwezi kufunga kulabu kinyume, kama wewe usivyoweza kufunika sufuria kwa mfuniko wa birika. Nikafungua tangi, nikatoa pampu, nikaifuta kwa shati langu. Nikaigeuza. Nikaigeuza tena. Haikuwa na alama.

Nikaipeleka uani, nikaiunga kwenye betri, nikatia mpira kwenye jagi, nikaimba. Bonge akadhani namwimbia yeye, akawa anapiga makofi mgongoni. Wimbo uliisha. Jagi halikufika nusu.

Kaka alinikuta hapo, akaliona jagi. Alipindua ndoo, akakaa juu yake, akashika kichwa, na mambo yote yakatoka. Alisema ulimwita jikoni ukamshika sikio kama alipokuwa mdogo, ukalia. Ulimwambia ampunguzie dada yake mafuta tu, gari lichoke, ashindwe vizuri bila kuumia, mwenyewe atakata tamaa arudi kwa mwanawe. Alisema alijua kwamba injini ile si jiko la mafuta, huwezi kupunguza utambi moto ukapoa. Alijua. Lakini alifikiri litakohoa tu na mimi nitainua mguu. Alifikiri! Na watu walipokuwa wananicheka alishindwa kusema kwa sababu angekutaja. Akaniambia mdogo wangu, mama hakataliwi. Nikamuuliza, na mimi je, mimi nakataliwa?

Nikamuuliza pampu yangu iko wapi. Ndipo akasema.

Mama, iko kwako. Ulimwomba akupe uondoke nayo, ili asije akaona huruma akairudisha. Uliiviringisha ndani ya taulo la Bonge lenye bata, ukaitia kwenye mfuko, na mfuko ule ukanipa mimi nikubebee. Kopo la dawa lilikuwa mkononi mwako, nalikumbuka sasa, ulikuwa umelishika kwa mfuniko. Nimeibeba pampu yangu mwenyewe mpaka stendi, nikaipakia kwenye basi kwa upole ili isikuumize miguu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kama kitakuwa kimevaa nguo za mtoto wangu.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo kwenye simu ningelia.

Najua ulinitazama ukamwona baba, aliyefia kwenye lori lake. Najua walikuletea viatu vyake na chupa yake ya chai, na tangu siku ile hujakaa kiti cha mbele cha gari lolote. Najua kila nikiwasha injini wewe unasikia lori. Ungeniambia hivyo. Ungekaa mbele ya lile gari ukaniambia sipiti, sitoki, nikanyage. Tungegombana, pengine ningekwenda, pengine nisingekwenda, lakini ningekuwa nimegombana na mama yangu. Sikujua kwamba yule anayeniuliza maswali mazuri akimenya viazi alikuwa anatafuta mahali pa kunichoma.

Na hukuniokoa. Lile jibu langu lililobaki nusu siku ile, hili hapa limalizike: injini ya namna hii ikinyimwa mafuta haichoki tu, inaungua, na inaungua pale pale mtu anapokuwa kwenye mwendo mkubwa kabisa. Pampu niliyoichagua ndiyo iliyokuwa inanilinda. Ulinivua ngao ukidhani unaninyang'anya upanga. Hukujua, na hilo nakusamehe leo hii, kabla barua haijafika.

Lakini Bonge hakuwa na homa. Hilo sijui nilifanyeje. Uliita jina la mwanangu, ukanitia hofu ya mwanangu, ili niondoke kwenye gari. Kila mara nikimgusa paji la uso sasa namkumbuka bibi yake, na si kwa namna ninayoitaka. Kwa hiyo kwa sasa, nikitoka, Bonge anabaki na baba yake au anabaki mgongoni mwangu. Huwezi kubaki naye peke yako. Naandika hivi mkono ukiwa mzito, lakini naandika.

Kaka nimemwambia afanye mambo mawili. La kwanza, aseme mbele ya gereji nzima kwamba pampu niliyochagua ilikuwa sawa na aliyeitoa ni yeye. Amesema, jana, macho yakiwa kwenye viatu vyake, na sikumruhusu akutaje. Fundi mmoja akasema basi ule wimbo tufundishwe na sisi. Mzee wa Matairi naye amesikia. Ametikisa kichwa, amesema pole, nafasi ilishatolewa. Sikulia. La pili, injini aitengeneze upya kwa mkono wake, akimaliza kazi za wateja, hata ikichukua mwaka. Gari haliuzwi. Ameanza. Naandika namsikia ng'ambo ya ukuta anasugua.

Akimaliza, nitataka pampu yangu.

Usiitume kwa basi, wala usimpe mtu. Ilete mwenyewe, ndani ya taulo la mwanangu, uniwekee mkononi. Ukiwa na hasira njoo na hasira, ukiwa na hofu njoo na hofu, uniambie usoni, nitakusikiliza mpaka mwisho kama ulivyonisoma mpaka mwisho. Kitanda chako kipo pale pale chini ya dirisha. Sijakiondoa, na mkwe wako amekibana ule mguu uliokuwa unayumba. Ila siji kuichukua, na sitakuuliza tena. Igeuze tu ubavuni uone zile alama mbili. Ni wewe uliyenikalisha chini ukanifundisha kuziweka, na ni wewe uliyeniambia chombo cha namna hiyo ni cha nani.

Nisalimie majirani wote. Paka dawa kwenye goti, usiihurumie, nitakutengenezea nyingine. Bonge ameamka, ananitazama huku anarudi nyuma.

Ni mimi mwanao ninayekupenda na ninayekusubiri,

Sindano

Nimekumbuka: mkwe wako anauliza kama utakuja na viazi. Nimemwambia akuulize mwenyewe.